Kidonge Kimoja na Nusu

Siku ya msaragambo wa kusafisha ndiva, Eva alilala akiwa amekaa. Kila nyumba ya kitongoji ilikuwa imetoa mtu wake kwenda kuzoa tope kwenye bwawa lile la kumwagilia, na Eva mwenyewe ndiye aliyeng'ang'ania kwenda, kwa sababu tangu aolewe pale kijijini Mamba hakuwahi kukosa. Alibeba makarai manne. La tano akaliweka chini, akakaa kwenye ukingo wa mawe apumue kidogo, na kabla wenzake hawajapandisha tope mara mbili tena, kichwa chake kilikuwa kimeangukia kifuani na mdomo umeachama.

Wanawake waliokuwa karibu walimgeukia. Kisha Koleta, dada yake Abednego, akasema kwa sauti ambayo hakujali kuipunguza kwamba wifi yake tangu atolewe rovu amekuwa mtu wa kuhudumiwa kama bibi harusi. Baadhi walicheka. Abednego alikuwa ng'ambo ya bwawa pamoja na wanaume, na aliyasikia yote. Alivuka tope, akamshika mkewe bega, akamwamsha. Eva aliwatazama watu waliokuwa wakimtazama, akaanza kumwomba radhi kila mmoja. Halafu akauliza kama ameshamaliza zamu yake.

Walirudi nyumbani polepole, Abednego mbele na majembe yote mawili. Kila baada ya hatua chache aligeuka na kumkuta mkewe amebaki nyuma, ameshika mti au ukingo wa njia. Eva alikuwa na miaka hamsini na mbili. Miaka ishirini na tisa kabla ya hapo, Abednego alimsikia kabla hajamwona. Alikuwa akipanda kutoka Kisiwani, kijiji cha bondeni, na mzigo wa chumvi na sabuni, akasikia msichana anaimba wimbo wa kanisani huku anateremka mbiombio. Msichana alipotokea kwenye kona alikuwa na kiroba cha tangawizi kichwani na hakusimama. Alimsalimia akipita, kisha akaendelea na ubeti palepale alipokuwa ameukatisha. Kwenye kwaya walikuwa wakisema Eva peke yake ndiye anayeweza kuimba na kupanda mlima kwa wakati mmoja. Sasa hata kuzungumza akipanda hakuweza.

Rovu lenyewe lilikaa shingoni mwake miaka mingi bila kumsumbua. Mama yake alikuwa nalo, na bibi yake pia, na hakuna aliyeliona kuwa ugonjwa. Lilipoanza kumbana koo akashindwa kumeza ugali, walikwenda Moshi, na mwezi wa kwanza wa mwaka ule madaktari wakaliondoa pamoja na tezi yote. Wakamweleza kwamba kazi iliyokuwa ikifanywa na tezi hiyo itafanywa na kidonge kidogo cheupe, kila asubuhi, maisha yote. Kumeza kidonge halikuwa jambo gumu. Jambo gumu lilikuwa kujua ameze kiasi gani.

Wiki moja baada ya msaragambo walishuka Same, kliniki, kwa Daktari Saada. Alikuwa daktari kijana, mwenye ushungi mweupe na tabia ya kuwaamkia wagonjwa wazee kabla ya kuketi. Aliangalia majibu ya damu, akambonyeza Eva miguu iliyovimba, akauliza kuhusu usingizi, choo na baridi. Abednego ndiye aliyejibu zaidi. Alisema mama wa nyumba yake anajifunika blanketi mbili mchana, na kwamba jana alimwita yeye mumewe kwa jina la kaka yake aliyefariki.

Daktari alisema kidonge kimoja hakitoshi, aongeze nusu. Akawaambia warudi baada ya wiki sita.

Abednego aliuliza kama haiwezekani kuongeza zaidi, ili wiki hizo sita zisipotee.

"Hazipotei, baba," daktari alisema. "Dawa hii inaingia mwilini taratibu sana. Nikimpa nyingi leo, kesho hutaona kitu, na keshokutwa hutaona kitu. Utakapokuja kuona, itakuwa imeshazidi, na kuishusha nako ni wiki nyingine. Nivumilieni. Tunapanda ngazi moja, tunasimama, tunapima."

Eva aliitikia kwa kichwa. Abednego pia aliitikia, lakini akilini alikuwa akihesabu. Wiki sita na nyingine sita, na kila mara nauli ya watu wawili na damu ya kupeleka Moshi. Zaidi ya hayo aliona siku zenyewe, moja moja, na mwanamke aliyeketi kwenye kila siku akitazama ukuta.

*

Dawa alikuwa akiitoa Abednego. Eva alikuwa anasahau. Angeweza kumeza, akakaa kidogo, kisha akauliza kama ameshameza. Na kwa kuwa koo lilikuwa bado linamwuma tangu upasuaji, Abednego alikikata kidonge kwa wembe, akakisaga kwa mgongo wa kijiko, akakikoroga kwenye maji ya vuguvugu na kumpa kikombe alfajiri, kabla hajala chochote. Kisha walikaa saa nzima wakingoja ndipo anywe uji. Zamani saa ile ndiyo Eva alikuwa akiimba huku anakamua ng'ombe. Abednego sasa alikamua mwenyewe, na ng'ombe hakupenda mikono yake.

Siku ya kumi na moja alirudi kutoka shambani mchana akakuta makande yameungua hadi sufuria imekuwa nyeusi ndani na nje. Eva alikuwa ameketi hatua tatu kutoka mekoni, macho wazi, moshi ukimpita usoni. Alipomwuliza imekuwaje, alisema alikuwa anajua yanaungua, lakini alikuwa anajiandaa kusimama.

Abednego aliikwangua sufuria ile mtoni kwa mchanga, mchana kutwa, wala haikuhitaji mchana kutwa. Alikuwa hataki kurudi ndani. Alifikiri kwamba kama kidonge kimoja na nusu kinaleta nafuu ndogo, vitatu vitaleta kubwa. Alifikiri kwamba madaktari wanapaswa kuwa waangalifu kwa sababu hawawajui watu, lakini yeye anamjua Eva, na Eva alikuwa mwanamke mwenye nguvu, si wa vipimo vya kitoto. Alijiambia kwamba atafanya hivyo kwa muda mfupi tu, mpaka aamke. Neno hilo ndilo alilolitumia moyoni: aamke.

Asubuhi iliyofuata alisaga vitatu. Maji yalikuwa meupe zaidi kidogo kuliko jana. Eva aliyanywa na kumrudishia kikombe.

Vidonge vilipokaribia kwisha kabla ya wakati wake, Abednego alipeleka tangawizi Same, akapitia duka la dawa na kununua vingine. Muuzaji alimwuliza mgonjwa anatumia vingapi. Alisema vitatu, kwa sauti ya kawaida kabisa, na yeye mwenyewe akashangaa ilivyomtoka kirahisi. Alivificha ndani ya kopo la mbegu za maharage.

*

Wiki ya tatu Eva aliamka kabla yake.

Abednego alifikiri anaota. Alisikia ndoo, akasikia ng'ombe anasemeshwa, kisha sauti, bado yenye mikwaruzo, ikijaribu ubeti wa kwanza wa wimbo na kukosea, ikaanza upya. Hakutoka kitandani. Alilala akiisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua baada ya kiangazi, akiogopa kwamba akisogea itakoma.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko zote walizopata kwa miaka mingi. Uvimbe uliisha miguuni, uso ukarudi kuwa wake. Aliosha mapazia, akapaka sakafu, akampigia simu binti yao Faraja, aliyekuwa mwalimu Mwanga, wakacheka hadi salio likaisha. Alipanda mpaka shamba la juu, linalopakana na msitu, ambalo hakulikanyaga tangu mwaka uliopita, na Abednego akalazimika kumfuata kwa kuhema. Walikula maparachichi na chumvi chini ya ukuta wa mawe aliojenga marehemu baba yake Abednego. Eva alimkumbusha jinsi walivyolima pale mwaka wa kwanza wa ndoa, wakiwa na jembe moja la kupokezana, na jinsi yeye Eva alivyokuwa akijifanya amechoka ili mumewe apumzike, maana Abednego hakujua kusema amechoka. Abednego hakuwa anajua hilo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kicheko peke yake.

Koleta alipita siku moja akamkuta wifi yake anapura maharage peke yake. Hakuomba radhi kwa maneno, ila alivua khanga ya mabegani, akajifunga kiunoni, akapura naye hadi mwisho.

Tarehe ya kliniki ilipofika, masika yalikuwa yamekata barabara sehemu mbili. Magari yalikuwa yanapita kwa taabu, lakini yalikuwa yanapita. Abednego alimwambia mkewe kwamba kwa kuwa ameshapona, hakuna haja ya kuhangaika na tope, watakwenda hali ya hewa ikitengemaa. Eva alikubali. Mume alijua kwa nini hakutaka damu ile ipimwe, na akaacha kulifikiria.

*

Baridi ya mwezi wa sita iliingia na ukungu wake, watu wakatoa makoti, lakini Eva alikuwa anatoa jasho. Alilala bila shuka. Kisha akaacha kulala. Alisema moyo wake unamwamsha, unapiga kama mtu anayebisha hodi kwa haraka. Magauni yakaanza kumpwaya. Mikono ikawa inatetemeka kiasi kwamba kikombe cha chai kiligongagonga kisahani, naye akakitazama kama si mkono wake.

Hasira nazo zikaja, na Eva hakuwa mtu wa hasira. Alimfokea Koleta kwa ajili ya ungo uliorudishwa na unga kidogo pembeni. Alimfokea Faraja kwenye simu, kisha akampigia tena akilia. Mtu akimwuliza ana nini, alisema hajui, anajisikia kama anakimbizwa.

Abednego alipunguza kuwa viwili kwa siku nne. Haikubadilika kitu, kama vile daktari alivyosema isingebadilika, na siku ya tano Eva alikaa kimya muda mrefu kidogo mezani, macho yamezama. Abednego akamwona tena yule wa sufuria iliyoungua. Akaogopa. Akarudisha vitatu. Baadaye alisema kwamba katika yote aliyoyafanya, siku hiyo ndiyo iliyomsumbua zaidi, kwa sababu siku hiyo hakuwa na cha kujidanganya nacho.

Sabato ya mwanzo wa Julai, kwaya ikiwa imesimama mbele, Eva alishuka jukwaani katikati ya wimbo, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za kanisa amekishika kifua. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Mzee wa kanisa aliyekuwa na gari aliwateremsha hadi Same, na njia nzima Abednego alikuwa ameshika kiganja cha mkewe, akisikia mapigo yanavyopita bila mpangilio, mawili ya haraka, moja limepotea, matatu.

*

Walimlaza wodi ya wanawake, kitanda cha nne kutoka mlangoni. Dawa ya tezi ikasimamishwa, akapewa ya kutuliza moyo, damu ikapelekwa Moshi. Siku ya tatu majibu yalirudi, na Daktari Saada akaja nayo mkononi wakati wa kuona wagonjwa. Wodi ilikuwa imejaa. Ndugu walikuwa wamekuja na vyakula, na kila kitanda kilikuwa na masikio.

Daktari alimwamkia Eva kama kawaida yake, kisha akamwuliza anamezaje dawa. Eva akasema kimoja na nusu, alfajiri, kabla ya kula. Daktari akauliza kama ana uhakika. Akasema damu yake imejaa dawa kupita kiasi, kwamba hawezi kuamini kiasi kile kimetokana na kidonge kimoja na nusu, na kwamba moyo ukiendelea kukosa mpangilio namna ile unaweza kutupa donge la damu kichwani ukamletea kiharusi. Hakuwa mkali, lakini alikuwa amechoka, na sauti yake ilifika mbali.

"Mama, wengine wakiona wanapata nguvu huwa wanaongeza wenyewe. Niambie tu ukweli, sitakugombeza."

"Sijaongeza, daktari."

"Vipimo vinasema vingine, mama."

Mwanamke wa kitanda cha pili alimnong'oneza mwenzake, wakamtazama Eva. Eva alijivuta shuka hadi kidevuni. Akamgeukia mumewe kama mtu anayeelekeza mkono kwenye ushahidi wake.

"Mwulize Baba Faraja. Yeye ndiye anayenipa."

Abednego alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi. Alijua kwamba hapo ndipo pa kusema ukweli. Mdomo wake ukasema: "Ni kimoja na nusu, daktari. Nakata mwenyewe kwa wembe."

Daktari aliandika kwenye faili. Akasema basi huenda mwili wa mama unaipokea dawa zaidi ya alivyokadiria, atamshusha hadi nusu kidonge, waone. Akahamia kitanda cha tano.

Eva alisubiri mpaka daktari alipofika mwisho wa wodi. Kisha akamwita mumewe kwa mkono, naye alipoinama, akamwambia chinichini ili kitanda cha pili kisisikie:

"Baba Faraja, turudipo nyumbani dawa uzifungie, na ufunguo ukae nao wewe. Nadhani huwa naamka na kumeza nyingine bila kujua. Akili zangu zimekwisha. Usimwambie Faraja."

Alisema hivyo bila kulia, kwa utulivu wa mtu aliyelifikiria jambo siku nyingi. Abednego alimtazama. Kwa muda wote ule alikuwa amejiona anampigania mkewe dhidi ya ugonjwa. Sasa aliona kwamba amemchukulia hata hicho alichokuwa amebaki nacho, kujiamini kwamba anajua anachokifanya kwa mikono yake mwenyewe.

Alitembea hadi mwisho wa wodi, akamwomba daktari arudi kitanda cha nne. Daktari alimwambia asubiri amalize. Abednego akasema hawezi kusubiri kwa sababu akisubiri hatasema. Wakarudi pamoja. Nesi alitaka kuvuta pazia, Abednego akamzuia, akasema mkewe aliulizwa mbele ya watu, basi na jibu litoke mbele ya watu.

"Nilikuwa nampa vitatu. Tangu mwezi wa nne. Nilivisaga kwenye maji asione. Mke wangu hajaongeza kitu, wala akili zake hazina kasoro. Ni mimi."

Daktari Saada alifungua faili, akakata kwa mstari mmoja alichokuwa ameandika dakika kumi nyuma. Kalamu yake ilikwaruza karatasi.

"Ningemshusha hadi nusu," alisema, "na mwezi ujao angerudi amevimba na kusinzia, nami ningempandisha, na tungeendelea hivyo mwaka mzima. Nilikuwa nautibu uongo, baba. Dozi yake ya mwanzo haijawahi hata kujaribiwa."

Kisha alimgeukia Eva, akamwomba radhi kwa kumshuku mbele za watu. Eva alimwambia si kitu. Halafu akajigeuza ukutani, na mumewe akabaki amesimama na kofia yake.

*

Waliruhusiwa siku mbili baadaye, moyo ukiwa umetulia na dozi imerudishwa kimoja na nusu. Kwenye basi Eva aliketi dirishani, akatazama mbuga ya Mkomazi ikipita, njano na tupu, mpaka walipoanza kupanda. Ndipo akauliza kwa nini.

Abednego alikuwa na maelezo mengi aliyoyaandaa, kuhusu sufuria, kuhusu Koleta, kuhusu wiki sita. Yote yakampotea.

"Nilikukumbuka," akasema.

Eva aligeuka kutoka dirishani. "Nilikuwa humohumo ndani, Baba Faraja," alisema. "Nilikuwa nakuona. Nilikuwa nachelewa tu kujibu."

Hakusema tena hadi nyumbani. Siku ile na wiki mbili zilizofuata alimsemesha kuhusu maji, kuni na ng'ombe, basi. Dawa aliichukua Eva mwenyewe. Aliupokea wembe, kijiko na vidonge vyote, pamoja na vile vya kwenye kopo la mbegu, akavipanga dirishani, na kila alfajiri alikata mwenyewe, pembe za macho zimekunjamana kwa umakini. Kwenye kalenda ya ukutani aliweka alama ya kalamu kila alipomeza, ili hata akisahau, ukuta ukumbuke. Abednego alibaki kuchemsha maji ya vuguvugu. Hakuombwa, naye hakukatazwa.

Koleta alipokuja kuuliza hali, Abednego alimweleza yote, hata lile la siku ya tano. Koleta alitazama chini. Akasema siku ya ndiva yeye ndiye aliyeanza. Abednego akamwambia hapana, kila mtu abebe lake.

Mwezi wa nane uzito ulimrudia Eva, si kama wa mwanzo, lakini ulirudi. Alivaa sweta juu ya sweta. Kuna asubuhi alisimama katikati ya ua na kisu cha kukatia majani ya ng'ombe, amesahau alichotoka kufanya. Abednego alimwona kutoka mlangoni, mwili wote ukamsisimka kwa ile hamu ya zamani ya kufanya kitu, chochote. Akatoka, akasimama kando yake. Wakatazama ukungu unavyopanda kutoka bondeni. Baada ya muda Eva akasema, "Majani," wakaenda kukata pamoja, yeye taratibu, na mumewe, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, taratibu zaidi.

Abednego alijifunza kupika makande, akajua kwamba hayaharakishwi. Alijifunza kuuliza swali na kungoja jibu mpaka lije, na akagundua kwamba mara nyingi lilikuwa jibu zuri. Jioni Eva akipata nguvu walizungumza habari za watu waliokwishaondoka: baba yake aliyejenga ukuta wa mawe, mwalimu wa kwaya, mtoto wao wa kwanza aliyeishi miezi mitatu na ambaye hawakuwahi kumtaja kwa jina kwa miaka ishirini. Walimtaja.

Wiki sita zilipita, wakashuka Same. Daktari akasema bado kidogo, akamwandikia kimoja na nusu kila siku, ila Jumatano na Sabato ameze viwili. Abednego hakuuliza chochote. Wiki nyingine nane zikapita.

*

Katikati ya mwezi wa kumi Daktari Saada alitazama majibu, akayatazama tena, akatabasamu. Alisema damu imekaa panapotakiwa, moyo uko sawa, dozi isiguswe, na warudi baada ya miezi sita.

Walipotoka nje Abednego alimwuliza mkewe anajisikiaje. Alikuwa amejizuia kuuliza hivyo tangu Julai. Akaongeza, kabla hajaweza kujizuia, kama anajisikia kama zamani.

Eva alifikiri. Jua la Same lilikuwa kali, vumbi linapeperuka kutoka upande wa barabara kuu, naye alijikinga uso kwa upande wa khanga.

"Hapana," alisema. "Kama zamani hapana. Nikipanda mlima bado napumzika mara mbili. Sauti ya juu imeondoka, mwalimu amenihamishia kwa wanaoimba ya pili. Lakini naamka nikijua leo ni siku gani, na mchana haunitishi." Akaishusha khanga. "Zile wiki za mwezi wa tano, nilipokuwa napura maharage na kupanda hadi msituni. Unadhani mimi sizikumbuki? Nilimpenda sana yule mwanamke. Hata mimi nilikuwa nimemkumbuka. Lakini alikuwa anautumia moyo wangu wote, Baba Faraja, na mimi nina matumizi nao mengine."

"Najua," alisema Abednego.

"Usimtafute tena."

"Simtafuti."

Walikuwa bado mbali na stendi waliposikia basi la Mamba linapiga honi. Lilikuwa limeshaanza kusogea, na mpigadebe aliyewaona aliwapungia mkono, akapaza sauti kwamba nafasi zipo, wazee wakimbie. Basi likapunguza mwendo. Abednego aliunyanyua mguu akimbie. Kisha akatazama kando yake, akamwona Eva anatembea kama alivyokuwa akitembea tangu hospitali, wima, bila kuhema, khanga imemkaa vizuri mabegani.

Aliushusha mguu, akampungia mpigadebe aende. Basi likashika barabara, vumbi likatulia nyuma yake.

"Lingine ni saa nane," Eva alisema.

Walipata benchi penye kivuli cha kibanda cha matunda. Eva alinunua machungwa mawili, akaazima kisu cha muuzaji, akaanza kumenya la kwanza kwa ganda moja refu lisilokatika, na Abednego akamshikia mkoba wake.